Neno la Siri la Watu Sitini na Watatu

Mwanasaumu binti Athumani alizaliwa Jomvu Kuu, katika nyumba ya mawe iliyo karibu na msikiti, na humo humo yumo hata leo. Babake, marehemu Mwalimu Athumani, alisomesha Kurani watoto wa mtaa mzima mpaka sauti ikamkauka. Mamake, Bi Tima, ni mhudumu wa afya ya jamii, mwaka wa kumi na nane sasa: mwanamke wa kupiga hodi mlangoni mwa mtu, akakaribishwa, na kabla chai haijapoa akawa anajua mimba ni ya miezi mingapi na mtoto aliyetangulia amechanjwa au hakuchanjwa. Kwa baba, Mwanasaumu alirithi subira ya kurudia jambo moja mara mia. Kwa mama alirithi ulimi.

Alisomea kompyuta kisiwani, akaajiriwa Changamwe na kampuni ya kutoa mizigo bandarini, akawaandikia programu zao kwa miaka sita. Kampuni ilipohamia Nairobi wakamwambia aende nao. Akaomba siku mbili za kufikiri. Siku ya tatu akawajibu, "Nashukuru, lakini Nairobi kuna baridi na mimi nina mama." Wenzake walimcheka. Yeye akaiweka meza chumba cha mbele, juu yake laptopu, feni na chupa ya chai, akaanza kutafuta kazi za watu wa karibu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, hajaolewa, na hakuna jambo alilolionea haraka isipokuwa mtandao.

Kazi iliyompa jina mtaani ilikuwa Daftari la Wazazi. Sista Carolyne, muuguzi msimamizi wa zahanati yao, alikuwa amechoshwa na madaftari ya karatasi yanayolowa mvua. Alitaka kila mhudumu aandike kwenye simu yake: nyumba gani ameingia, mja mzito gani amemwona, presha ngapi, miguu imevimba au haikuvimba. Mwanasaumu akamtengenezea tovuti nyepesi, inayofunguka hata kwenye simu ya hali ya chini. Wahudumu walikuwa sitini na watatu. Kila mmoja akapewa jina lake la kuingilia, na kwa kuanzia wote wakapewa neno moja la siri: jomvu123. Mwanasaumu akawasisitizia walibadilishe siku ile ile.

Hawakulibadilisha. Waliolibadilisha ni watatu, na hao watatu wakalisahau kabla ya Ijumaa, wakampigia simu awarudishie lile la mwanzo. Bi Tima yeye aliliandika kwa kalamu ya wino nyuma ya kitambulisho cha kazi, kile kinachoning'inia shingoni mbele ya kila mtu.

"Mama, hili ni neno la siri," Mwanasaumu alimwambia.

"Siri gani, mwanangu, na sote twalijua?"

Mwanasaumu akacheka, akaliacha hivyo. Kuliacha huko ndiko kulikokuja kumuuma.

Mwezi wa Machi, mwanamke mmoja aitwaye Margret, mpangaji wa nyumba za upande wa viwandani, alianguka jikoni kwake akiwa na mimba ya miezi minane. Jirani alimkuta akilalamika kichwa, macho yakiona ukungu. Wakamtia kwenye tuktuk, wakamfikisha hospitali, akapasuliwa, na kwa rehema za Mungu mama na mtoto wakatoka salama. Lakini daktari alisema presha ile haikupanda kwa siku moja. Sista Carolyne akafungua Daftari la Wazazi. Humo Margret alikuwa ametembelewa mara tatu katika mwezi ule, na mara zote tatu pameandikwa: presha sawa. Margret, akiwa bado kitandani, akasema hajamwona mhudumu yeyote tangu Januari. Yeye hufanya kazi ya zamu kiwandani. Mchana mlango wake una kufuli.

Jina lililokuwa kwenye ziara zile tatu lilikuwa la Pascalia.

Pascalia alikuja kutoka bara miaka kumi na miwili iliyopita, akimfuata mume aliyekuwa kuli bandarini. Mume alifariki, yeye akabaki na binti mmoja, Lynnette, na kazi yake ya kuzunguka nyumba za watu akiwa na mashine ya presha begani. Alipoitwa kwenye kikao cha zahanati hakuketi. Alisimama akiishika mikanda ya begi la mashine yake kwa mikono miwili.

"Nilienda kwa Margret mara tatu, nikapata kufuli mara tatu," alisema. "Nikaacha nafasi tupu, nikisema nitarudi Jumapili. Siwezi andika presha ya mtu sijapima. Haki ya Mungu, siwezi."

"Na haya yaliyoandikwa ni ya nani?" Sista Carolyne akauliza.

"Sijui, Sista."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wa bara hupenda kumaliza kazi mbio mbio. Bi Tima akageuka. "Huyu nimetembea naye juani miaka saba," akasema. "Wewe aliyesema, umetembea naye mingapi?"  Lakini maneno ya utetezi hayafuti maandishi, na Sista Carolyne, aliyekuwa mtu wa haki ila pia mtu wa kuulizwa na wakubwa, akamwambia Pascalia apumzike nyumbani mpaka jambo lijulikane.

Kisha akamwita Mwanasaumu ofisini. "Wewe ndiye uliyeitengeneza," akasema. "Nionyeshe aliyeandika."

Mwanasaumu alikuwa amekwisha kutazama. Kumbukumbu za seva, ile kompyuta inayolihifadhi Daftari, alizipangia kukaa siku saba tu ili zisijaze nafasi, na za mwezi ule zilikuwa zimefutika. Akabaki na jina la Pascalia na tarehe, basi.

"Daftari lajua jina lililoingia," akasema. "Halijui mkono wa nani uliandika. Watu sitini na watatu wana ufunguo mmoja."

"Na huo ufunguo mmoja uliwapa nani?"

"Mimi, Sista."

Alirudi nyumbani kwa miguu, njia ya mkato inayopita kandokando ya mikoko, na kwa mara ya kwanza tangu aache kazi Changamwe hakujisikia mwerevu hata kidogo. Aliona ni kama amejenga zahanati nzuri akasahau mlango. Alipofika alimweleza mamake kila kitu, na Bi Tima, aliyekuwa akichambua mchicha, akasikiliza mpaka mwisho.

"Sasa waeza kufanyani?"

"Kuwapa kila mtu neno lake. Refu, gumu."

"Nami nitaliandika nyuma ya kitambulisho," Bi Tima akasema. "Wataka niliweke wapi? Kichwani mwangu mna majina ya waja wazito arubaini. Hamna nafasi."

Mwanasaumu akamtazama mama yake, na hapo ndipo alipoacha kutafuta neno bora akaanza kutafuta namna ya kuishi bila neno.

Alisoma siku nne, kuanzia baada ya sala ya alfajiri hadi jua linapopiga mezani. Alichokitaka kilikuwa kipo, na wengi walikuwa wamekibeba mfukoni bila kujua. Simu yenyewe hutengeneza funguo mbili kwa ajili ya tovuti moja. Mmoja ni wa siri, hautoki kamwe ndani ya simu. Wa pili ni wa wazi, hupelekwa kwa seva, na hata ukiibwa haumfai mwizi. Mtu akitaka kuingia, seva huipa simu fumbo jipya, tarakimu ambazo hazijawahi kutumika. Simu humwuliza mwenyewe: ni wewe? Mwenyewe huweka kidole, au huchora ule mchoro wake wa kufungulia simu. Hapo simu hulitia fumbo sahihi kwa ufunguo wa siri na kulirudisha, na seva huikagua sahihi kwa ule ufunguo wa wazi. Mtu hana cha kukariri.

Hesabu za kukagua sahihi hizo hakuthubutu kuziandika kwa mkono wake. Zipo kazi za watu waliobobea, zimewekwa mtandaoni kwa kila anayetaka kuzitia kwenye seva yake. Wanaoandika programu huziita maktaba. Alichagua moja inayotunzwa vizuri, akasoma maelezo yake mara mbili, kama babake alivyokuwa akikisoma kitabu kabla hajakisomesha. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuunganisha: kutoa fumbo, kulihifadhi mpaka jibu lirudi, kulipeleka jibu kwa maktaba likaguliwe, na kuweka ufunguo wa wazi kando ya jina la mhudumu.

Kwenye laptopu yake kila kitu kikaenda kama maji. Alipokipandisha kwenye tovuti yenyewe, maktaba ikakataa katakata. Simu inatia sahihi, seva inasema sahihi si yake. Siku ya kwanza alidhani ni mtandao. Siku ya pili alisoma mistari yake yote kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka Bi Tima akachungulia kuona anazungumza na nani. Kumbe tovuti ile ilikuwa ikifunguka kwa anwani mbili, moja ndefu na moja fupi, na ufunguo hufungamana na anwani herufi kwa herufi. Simu yake ikiingia kwa ile ndefu, seva ilikuwa ikiingojea ile fupi.

Hakukasirika. Alikaa akaicheka hali ile, kwa sababu maktaba ilikuwa na haki: ingekubali anwani isiyo yenyewe, tapeli yeyote angejenga daftari bandia na kuwaita akina mama waingie. Akaifanya ile ndefu iwarudishe watu wote kwenye fupi, akajaribu tena, akaingia.

"Mama!"

"Lo, mwanangu! Kuna nini?"

"Ndoo huku na simu yako."

Bi Tima akaja akifuta mikono kwenye leso. Akaambiwa aweke kidole gumba. Simu ikatetemeka, ikamkatalia. Akaweka cha shahada, ikamkatalia. Akakipangusa, akakipuliza, akakiweka tena.

"Kidole hiki nimekunia nazi miaka hamsini," akasema kwa hasira. "Chataka kujulikana na nani tena?"

Mwanasaumu akakishika kile kidole, akakitazama. Mistari yake ilikuwa imelika, ncha ni laini kama kokoto la pwani. Akafikiri ni wangapi kati ya wale sitini na watatu wana vidole kama hivi, akina mama wanaofua, wanaopara samaki, wanaoponda kokoto mashimoni. Lakini mchoro Bi Tima alikuwa nao, ule wa kufungulia simu, na simu haikujali ni kipi kati ya viwili. Akauchora mara moja, bila kufikiri. Daftari la Wazazi likafunguka mbele yake, juu limeandikwa jina lake kamili.

Bi Tima akalitazama jina lile. "Na mtu mwengine aweza kuingia hapa akawa mimi?"

"Mpaka akuibie simu, na ajue mchoro wako."

"Basi huyo atakuwa mwanangu," akasema, akarudi jikoni kwake.

Sista Carolyne aliweka siku ya kuandikisha, Jumatano moja ya mwishoni mwa Aprili, katika ukumbi wa kungojea wa zahanati. Mwanasaumu aliomba jambo moja: hakuna atakayeandikishwa kwa mbali. Kila mhudumu aje mwenyewe, Sista amtazame usoni, ndipo simu yake itengeneze ufunguo. Akaomba pia Pascalia aitwe pamoja na wengine, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kosa lake. Sista akafikiri kidogo, akakubali. Pascalia akaja, akakaa benchi la nyuma, begi mapajani.

Foleni ilikwenda kwa vicheko. Wenye vidole waliweka vidole, wenye michoro wakachora wakificha kwa kiganja. Tisa walikuwa na simu za vibonyezo. Hao Mwanasaumu aliwapangia kutumiwa nambari kwa ujumbe mfupi kila wanapotaka kuingia, itumike mara moja na ife baada ya dakika tano, wakaandike kwenye kompyuta ya zahanati. Alijua njia hiyo si imara kama ile nyingine. Alimwambia Sista wazi, naye akaahidi kuwatafutia simu.

Wa mwisho, baada ya wahudumu wote, alikuwa Jumaa, karani wa takwimu wa zahanati, aliyelitumia Daftari kuandaa ripoti za mwezi, mtu wa makamo, mpole, kofia yake daima imepigwa pasi. Alisoma madrasa kwa Mwalimu Athumani, na siku Mwalimu alipozikwa alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Mwanasaumu alikua akimwita ami.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, binti yangu. Kazi nzuri, mashallah." Akaweka kidole, simu ikamkubali mara moja. Hakuondoka. Akainama kidogo, akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida: "Sasa, na hizi za wenzangu nitaziingia vipi?"

"Za wenzako zipi, ami?"

"Zile za kumalizia mwezi. Wao huacha mapengo, nami hujaza. Ripoti ya juu haitaki mapengo. Nilikuwa nikiingia kwa majina yao kwa lile neno letu. Sasa neno halipo."

 Mwanasaumu akageuza macho kwenye benchi la nyuma alipoketi Pascalia, kisha akayarudisha.

"Ami Jumaa. Na la Margret ulilijaza wewe?"

 Jumaa akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo. "Nilijaza mengi siku ile," akasema hatimaye. "Yaliposemwa ya Pascalia, moyo uliniambia nikatazame orodha yangu. Sikutazama. Wallahi, niliogopa kutazama."

Mwanasaumu angeweza kupiga kelele, na ulimi wa mamake alikuwa nao. Lakini aliona mikono ya mtu aliyembeba babake ikiikunja kofia, na akaona pia begi la presha mapajani mwa mwanamke asiye na kosa, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja.

"Sista yuko ofisini," akasema. "Ingia umwambie mwenyewe, ami, sasa hivi. Mimi nitakaa papa hapa. Ukitoka bila kumwambia, nitaingia mimi."

Jumaa akavaa kofia yake, akaenda. Alikaa mle ndani nusu saa. Mlango ulipofunguka aliyetoka ni Sista Carolyne. Akapita katikati ya mabenchi mpaka nyuma, akaketi kando ya Pascalia, akamshika mkono mbele ya watu wote na kumwambia, "Nimekukosea. Nisamehe." Pascalia akalia, na Bi Tima akamkinga kwa leso yake watu wasimtazame.

Jumaa aliondolewa kwenye takwimu, akapewa kazi ya ghala la dawa, ambako kuhesabu maboksi hakumhitaji kukisia. Jumapili iliyofuata alikwenda na mkewe nyumbani kwa Pascalia kuomba radhi. Pascalia alimfungulia mlango, akasimama.

"Kujaza ningeelewa, Mzee," alimwambia. "Mwezi mzima ulinyamaza mimi nikiitwa mwongo. Hiyo ndiyo iliniumiza." Kisha akasogea pembeni. "Ingieni. Chai iko."

Mwanasaumu naye alikuwa na lake la kusahihisha. Alilifungua Daftari akaona kosa alilolifanya tangu siku ya kwanza: fomu yake haikuwa na pahali pa kusema mtu hakupatikana. Mhudumu ama aandike presha, ama aache tupu. Ndipo yalipotoka yale mapengo ambayo Jumaa alihisi lazima ayazibe. Akaongeza kitufe kimoja, "Sikumkuta", na kikibonyezwa mara mbili kwa mja mzito mmoja, jina lake linamtokea Sista asubuhi. Mwezi wa kwanza kilileta majina kumi na moja. Mmoja wao alikuwa na presha ya kutisha, akawahiwa.

Habari hutembea. Julai, muuguzi mmoja wa Likoni alipiga simu akitaka mfumo kama ule kwa wahudumu wa Bofu. Mwanasaumu alikubali, kwa sharti la kuja na mwalimu wake. Mwalimu mwenyewe alikuwa Pascalia, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa amewaelekeza wenzake wengi kuliko Mwanasaumu mwenyewe, na asiyechoka kuulizwa.

Walivuka kwa feri asubuhi. Katika ukumbi wa Bofu, Pascalia alisimama mbele ya akina mama thelathini, akazungumza kwa Kiswahili chake cha bara ambacho pwani haijakinyoosha bado, na wakamwelewa kila neno. Mwanasaumu alikaa kwenye kona na laptopu yake, akiangalia funguo zikiingia kwenye jedwali, mmoja baada ya mmoja, bila maktaba kulalamika.

Bibi mmoja mwenye baibui akanyoosha mkono. "Huu ufunguo, mwanangu, siku nikifa atarithi nani?"

"Hautarithiwa, bibi. Utaenda na wewe," Pascalia akamjibu. "Nyumba zako tutampa mtu mwingine, naye atatengeneza wake."

"Basi nipeni nitengeneze mapema," bibi akasema, "maana nyumba zangu ni nyingi na magoti yangu hayangoji."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wenyeji walikuwa wameshapakua wali wa nazi na samaki, na harufu ilikuwa inawaita. Mwanasaumu akafunga laptopu, akasogea kwenye mkeka, na Pascalia akamwachia nafasi kando yake.